Presse-papier ya Bwana Sadiki

Mtu wa Butembo akitaka kumwudhi mzee Élysée Lusenge, hakuhitaji kumtukana. Alimwonyesha tu karatasi yenye neno lililokatwa kwa kalamu. Mzee angeishika kwa vidole viwili, aitazame mbele na nyuma, kisha aulize kwa upole wenye sumu, «Huyu mutu alikuwa na haraka ya kuenda wapi?»

Yeye mwenyewe hakuwahi kukata neno. Miaka yake ya ujana aliifanyia kazi comptoir, nyumba ya kununulia kahawa ya tajiri wake, patron Maliro, akiandika majina ya wateja kwenye magunia, kwenye bon, zile stakabadhi za mizigo, kwenye bahasha za harusi na za matanga, na hakukosea hata moja. Ndivyo alivyosema. Na kwa kuwa patron alishazikwa, comptoir imekuwa duka la simu, na vitabu vyote vya kazi vimeliwa na mchwa, hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Kilichomletea sifa mjini, kama sifa ndilo neno lake, ni presse-papier. Kuanzia mwaka wa sabini na nne hadi wa themanini, kila Bonne Année, yaani Mwaka Mpya, patron Maliro aliwapa wateja wake wakubwa zawadi moja: pande la plastiki gumu la kuzuilia karatasi mezani, zito kama jiwe na angavu kama maji, lenye sarafu ya nchi iliyozamishwa katikati. Patron alizituma sarafu kwenye kiwanda kimoja Ubelgiji, zikarudi zimefungwa humo, na pembeni pameandikwa kwa rangi ya dhahabu: «Chez Maliro, votre argent ne bouge pas.» Yaani kwa Maliro, pesa yako haitikisiki.

Na kweli haikutikisika. Kahawa iliugua mashambani, comptoir ikafunga milango, pesa ya nchi ikabadilishwa jina mara mbili na thamani mara zisizohesabika, watu wakachoma noti kuwashia makaa. Sarafu zilizo ndani ya plastiki hazikusogea hata unywele mmoja. Mpaka leo watu wa Butembo pesa yoyote wanaiita makuta, kwa jina la zile sarafu, na ukitaka kuyaona makuta yenyewe, uende nyumbani kwa mzee Élysée.

Ni yeye aliyezifunga zile zawadi. Kila Desemba alizipangusa moja moja, akabandika chini yake karatasi ndogo yenye jina la mteja na mwaka, akazifunga kwa utepe. Karani hakupewa presse-papier. Karani alipewa kilo mbili za sukari na kuambiwa asante, na sukari, kama mjuavyo, haikai juu ya meza miaka hamsini.

Basi alipozeeka, watoto wakiwa wameolewa na magoti yamechoka, alianza kuwazungukia wajane na warithi wa wateja wa zamani. Ya mwaka wa sabini na nne aliikuta Kipese, imezuia mlango wa banda la kuku. Ya sabini na nane ilikuwa Lubero kwa mjane mmoja aliyeitumia kupondea pilipili, na ambaye hakuitoa mpaka mzee alipomletea kinu kipya kutoka sokoni. Kwa miaka tisa alizipata sita. Alizipanga kwenye kabati la vyombo, akaweka kufuli. Sahani za mkewe zikahamia chini ya kitanda.

Mkewe, mama Kaswera, aliziita «bile bijiwe», vile vijiwe. Majirani walisema mzee amefungia dhahabu. Uvumi ulisambaa kiasi kwamba Jumapili moja, wakati wote wako misani, wezi wakaja. Walivunja kufuli la mlango, wakavunja kufuli la kabati, wakachukua redio, pasi, na blanketi mpya ya mama Kaswera. Zile presse-papier waliziangalia, ni dhahiri waliziangalia, kwa sababu mbili waliziweka juu ya meza, na moja waliitumia kupondea njugu zilizokuwa kwenye kikapu. Kisha wakaziacha zote sita.

Mama Kaswera alilia juu ya blanketi. Mzee hakulia, ila siku tatu hakula vizuri.

«Baba Nadège, unasikitika nini, na bijiwe byako biko byote?» mkewe alimwuliza.

«Njo sababu nasikitika,» alisema mzee.

Iliyobaki ilikuwa moja: ya mwaka wa sabini na saba. Mwaka ule kahawa ilipanda bei mpaka watu wakanunua magari bila kujua kuyaendesha, na patron Maliro, kwa furaha, akaagiza presse-papier yenye sarafu tatu badala ya moja: sengi kumi yenye chui, likuta moja, na makuta tano. Zilikuwa chache. Mzee alizikumbuka vidoleni. Alitafuta kwa kila mrithi, akaambiwa imepotea, imeungua, imekwenda Kampala na kaka.

Halafu Nadège, binti yake aliyekuwa muuguzi Beni, akapiga simu. Alikuwa amekwenda kuchukua koli, kifurushi alichotumiwa, kwenye depo ya mzee Amisi, msafirishaji, katika komini ya Ruwenzori. «Papa,» akasema, «kuna kimoja kama byako, juu ya meza. Kiko na chui ndani.»

Mzee Élysée alikaa kitini. Kisha akasimama, akatafuta viatu.

«Kama unaenda Beni kuona mutoto wako, enda,» mama Kaswera alimwambia. «Mais kama ni juu ya bile bijiwe, hapana niambie. Niache nifikiri unaenda kuona mutoto.»

«Naenda kuona mutoto,» alisema mzee, akaitia presse-papier ya sabini na tano kwenye mfuko wake wa bega. Alitaka kuziweka pamoja, alinganishe plastiki na herufi, asije akauziwa kitu kisicho chenyewe. Kwenye mfuko wa shati alichomeka kalamu zake tatu, nyeusi, ya buluu na nyekundu, kama siku zote.

Gari lilisimamishwa kwenye kizuizi kimoja njiani, nalo lilisimama kwa adabu, maana huo ndio mwendo wa barabara ile. Askari kijana akapekua mifuko. Akatoa presse-papier, akaipima uzito mkononi.

«Vieux, oyo nini?»

«Presse-papier.»

«Presse nini?»

«Ya kuweka juu ya karatasi, zisiruke na upepo.»

Askari akatia mkono tena mfukoni, akapapasa mpaka chini. «Karatasi ziko wapi?»

«Karatasi sina.»

«Donc,» alisema askari polepole, akiwageukia abiria wote wawe mashahidi, «huyu mzee anabeba kitu ya kuzuia karatasi, na karatasi hana.»

Abiria waliangalia chini. Kwa kweli hoja ilikuwa na nguvu. Askari akaamua kuwa hilo ni jiwe la madini, la aina ambayo hajaelezwa. Akaigonga kwa kitako cha kisu, haikupasuka. Akajaribu kuichokoa sarafu kwa ncha, akapata mkwaruzo mdogo na jasho. Mzee Élysée alifumba macho kila kisu kiliposhuka, kama mtu anayesikia mtoto wake akidungwa sindano.

Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi, akaja kuona kuna nini. Aliinua presse-papier kwenye jua. Uso wake ukalegea.

«Makuta,» akasema. «Makuta ya kweli. Na hii nilikuwa nanunua mikate kwa masomo, nikiwa mutoto.» Akampa kijana wake kwa mikono miwili, akamwambia, «Rudishia mzee feza yake,» na gari likaenda. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya kizuizi kile, alisema dereva, kuona makuta yakitoka badala ya kuingia.

Depo ya mzee Amisi ilikuwa chumba kirefu kando ya barabara kuu, mlango wazi, meza palepale mlangoni. Kila lori lililopita lilipuliza upepo wenye vumbi hadi ndani, na kila mara karatasi za meza zilinyanyua pembe zake, zikatulia. Zilizuiwa. Juu ya lundo la bon, imekwaruzika, imefifia, ina alama ya kikombe cha chai, ilikuwa presse-papier ya mwaka wa sabini na saba. Chui alikuwa bado ndani. Mzee Élysée aliduwaa. Katika miaka tisa ya kutafuta alizikuta zikifunga banda, zikiponda pilipili, zikiegemeza kitanda kilichovunjika mguu. Hii ndiyo ya kwanza kuiona ikizuia karatasi.

«Karibu, papa,» alisema mzee Amisi. Alikuwa mtu mnene wa miaka sitini hivi, kofia nyeupe, miwani kwenye paji la uso. «Ni koli unatafuta?»

«Hapana, si koli.» Mzee aliketi, wakasalimiana, wakaulizana hali ya barabara, ya mvua, ya watoto. Kisha hakuweza tena. «Papa Amisi, ile kitu iko juu ya karatasi. Unaweza kuniuzishia?»

«Ile haiuzishwe. Si yangu.»

«Ni ya nani?»

«Ya Sadiki.»

«Na huyo Sadiki iko wapi?»

«Tunamungojea.»

«Tangu lini?»

«Tangu soixante-dix-sept, sabini na saba,» alisema mzee Amisi, bila kutabasamu.

Akaigeuza. Chini yake ilikuwa ile karatasi ndogo, ya rangi ya chai sasa, na mwandiko juu yake, S yenye kitanzi, k yenye mkia mrefu: *M. Sadiki Ramazani, 1977.* Mzee Élysée aliutambua kama mtu anavyoutambua uso wake kwenye kioo cha duka. Moyo wake ulijaa. Alitaka kusema, tazama mwandiko ule, miaka karibu hamsini na haujapinda. Bahati yake njema alikaa kimya.

«Baba yangu alikuwa anaitwa Saidi Ramazani,» mzee Amisi alianza. «Alikuwa na camion mbili, alibeba kahawa ya Maliro. Bonne Année moja, banamuletea hii zawadi. Anageuza, anaona Sadiki. Baba alikuwa mutu wa kuogopa Mungu. Akasema, hii ni ya mwenzangu, bamekosea mulango. Akapanda camion, akaenda mpaka Butembo kuirudisha. Pale bureau kulikuwa karani mumoja.»

«Karani,» alisema mzee Élysée.

«Kijana. Mwenye majivuno! Baba alituelezea mpaka kifo chake. Kalamu tatu hapa,» akagusa kifua chake, «hakuinua hata kichwa. Baba anasema, jina yangu ni Saidi, hapa bameandika Sadiki. Kijana anasema, mimi sikosee. Ikiandikwa Sadiki, ni ya Sadiki. Wewe kama siye Sadiki, basi umuhifazie.»

Mzee Élysée aliinua mkono wake wa kushoto taratibu, akauweka juu ya mfuko wa shati, kama mtu mwenye kiungulia.

«Na baba akamuhifazia,» mzee Amisi akaendelea. «Aliuliza Sadiki Ramazani mpaka Bunia, mpaka Kisangani. Hakuna. Vita ilikuja, tukakimbia, tukaacha magodoro, hii tukabeba. Kila mwezi ya Ramazani baba alimuombea Sadiki. Alitoa sadaka kwa jina yake, akisema, labda ni mukimbizi mahali, labda alikufa, na amana yake iko kwangu. Kifo kilipokaribia, aliniambia, Amisi, Sadiki akikuja, ao mutoto wake, umupatie, hata usimuulize kitu. Donc niko hapa. Naiweka kwa meza mbele ya barabara, ili akipita aione.»

Lori likapita. Karatasi zikanyanyua pembe, zikatulia.

«Akikuja leo,» alisema mzee Élysée, «ao mutu wa familia yake…»

«Namupatia sasa hivi. Bure. Na chai juu.»

Hapa ndipo shetani alipoketi kati yao, na kama kawaida yake hakuja na pembe, alikuja na urahisi. Kulikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza, aseme kwamba Sadiki alikuwa mjomba wake. Neno moja, na presse-papier iko mfukoni. Ya pili, aseme kwamba karani yule alikosea. Mzee Élysée alizipima zote mbili kwa haki, na kinachotia aibu, naye alikiri baadaye kwa mkewe, ni kwamba ile ya uongo haikuwa ndiyo nzito. Mwongo anaweza kwenda kuungama kwa padri Jumamosi, yakaisha. Karani aliyekosea jina, nani humwondolea?

Aliomba nafasi, akatoka nje. Alisimama kando ya barabara. Kupitia mlangoni aliona bega la mzee Amisi, na meza, na pande lile likimeta. Aliwaza juu ya mtu aliyepanda lori lake mwenyewe kwenda Butembo kurudisha kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikidai. Alijaribu kuukumbuka uso wake, hakuweza. Bila shaka hakuweza: hakuinua kichwa.

Akarudi ndani, akaketi.

«Papa Amisi. Sadiki hayuko.»

Mzee Amisi akashusha miwani. «Alikufa?»

«Hapana kufa. Hakuzaliwa.» Akatoa mkono wake kifuani, kalamu tatu zikaonekana. «Karani ni mie. Nilitaka kuandika Saidi. Mukono ukaandika Sadiki. Nilikosea.»

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno lile juu ya kazi yake, na lilimtoka kama mwiba wa samaki.

Mzee Amisi alizitazama zile kalamu tatu. Halafu, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akamsogezea bon tupu. «Andika.»

Mzee Élysée aliandika. *M. Sadiki Ramazani, 1977.* S ilipiga kitanzi chake na k ikaburuza mkia. Mzee Amisi akaweka bon kando ya karatasi ya zamani, akainama juu yake kama mnunuzi wa dhahabu.

«Ni wewe,» akasema.

«Ni mie.»

«Miaka yote ile. Baba yangu alimuombea mutu hayuko.»

«Samahani sana.»

«Zile sadaka, zilienda kwa nani?»

Ilimpita mzee Élysée akilini kwamba mtu asiyekuwako ameombewa na kutolewa sadaka zaidi kuliko yeye aliyekuwako, lakini aliona si wakati wa kulisema.

Mabega ya mzee Amisi yalianza kutikisika. Mzee Élysée alidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, ila alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua kofia, akajipangusa nayo uso. «Yala! Na mie kila mutu mugeni akiingia hapa naangalia uso yake, nasema labda ni Sadiki!» Akapiga meza. «Kwa hiyo ilikuwa ya baba. Tangu siku ya kwanza, ilikuwa ya baba yangu.»

«Ilikuwa yake. Mie nilifunga na hii mikono.»

Na sasa, akaona mzee Élysée, mlango umefunguka. Kitu hakina tena Sadiki, kina mwenyewe aliye mbele yake. Alivuta pumzi. «Donc, papa Amisi, kama ni yenu, sasa unaweza kuniuzishia.»

Mzee Amisi akaacha kucheka. Aliishika presse-papier kwa mikono miwili, akaifuta kwa kofia yake, upande huu na upande ule. «Papa Élysée,» akasema, kwa mshangao wa kweli, «kitu ya baba yangu? Ningeiuzisha namna gani?»

Lori lingine likapita.

Safari hii karatasi hazikuwa na kitu juu yake. Zilipaa zote kwa pamoja, bon za Goma na za Kasindi na za Bunia, zikagonga dari, zikatoka mlangoni, moja ikanasa kwenye kioo cha lori lenyewe na kwenda nalo. Wazee wawili walizikimbiza, mmoja mwenye magoti mabovu na mwingine mwenye tumbo, wakiinama na kugombana na upepo mbele ya watu wote wa barabarani. Waliporudi na walizoweza kuziokota, mzee Élysée, bila kufikiri, kwa mazoea tu ya karani, alitoa presse-papier ya sabini na tano mfukoni mwake na kuiweka juu ya lundo. Karatasi zikatulia.

Mzee Amisi alitazama. «Hee! Na wewe uko nayo?» akasema. «Hii ni muzuri. Haina mukwaruzo mingi.»

Mnaona habari inakokwenda. Mzee Élysée aliiona pia, lakini aliona pia kwamba ile ya baba Saidi haiwezi tena kukaa kwenye vumbi: mzee Amisi alishaifunga kwenye leso, tayari kuipeleka nyumbani, iwekwe kwenye kabati la sebuleni kando ya picha ya marehemu. Na kwa maisha yake yote mzee Élysée hakuwahi kuvumilia kuona karatasi zimeachwa wazi. Ya sabini na tano ikabaki mezani.

Kabla ya kuagana, mzee Amisi alimwomba jambo moja. Arekebishe jina.

«Nitaandika karatasi mupya, safi,» alisema mzee.

«Hapana. Ile ile. Ukate Sadiki, uandike Saidi juu. Bajukuu baone vile ilikuwa.»

«Nikate?»

«Ukate.»

Alichagua kalamu nyeusi, akaiweka kando, akachukua nyekundu, kama inavyotakiwa kwa masahihisho. Alipiga mstari mmoja, mwembamba, ulionyooka. Juu yake akaandika *Saidi*. Kisha, bila kuambiwa, akaongeza herufi za kwanza za jina lake pembeni, maana karani anayerekebisha lazima atie sahihi. Mzee Amisi akamwagiza chai na sambusa, wakala, na Nadège alipokuja kumchukua baba yake alimkuta akielezwa kwa mara ya pili habari za camion za marehemu Saidi, naye akiuliza maswali.

Mama Kaswera alihesabu presse-papier siku ile ile aliporudi. Hakuwahi kuzihesabu kabla.

«Ulienda kutafuta ya saba,» akasema, «umerudi na tano.»

«Nilienda kuona mutoto,» alisema mzee.

Lakini alimsimulia yote, hata ile habari ya shetani, na mama Kaswera alicheka mpaka akaketi juu ya kizingiti. Tangu siku hiyo hakukuwa na amani ndani ya nyumba. Miaka arobaini na minne ya ndoa alikuwa akirekebishwa: namna anavyoandika orodha ya soko, namna anavyotamka majina ya watakatifu kwa Kifaransa. Sasa kila mumewe alipofungua mdomo kumrekebisha, yeye alisema neno moja tu, «Sadiki,» na mzee akaufunga.

Mwezi uliofuata, gari la mzee Amisi lilisimama mbele ya nyumba yao Butembo, likashusha sanduku moja na barua. Binti wa mwisho wa mzee Amisi, Sikitu, alikuwa anaolewa. Ndani ya sanduku zilikuwamo kadi mia tatu za mwaliko, nzuri, zenye ukingo wa fedha, nafasi ya jina ikiwa tupu. «Kwa imprimerie banaweza kuandika na mashini,» barua ilisema, «mais bibi harusi alisikia habari ya mukono wako, anataka mukono. Orodha ni hii. Tafazali uangalie majina.»

Neno *uangalie* lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili.

Mzee Élysée aliweka meza dirishani. Mama Kaswera aliketi upande wa pili, miwani puani, na orodha. Hapakuwa na makubaliano yoyote juu ya hilo, aliketi tu. Alisoma jina, mzee akaandika, kadi ikavuka meza, mama Kaswera akaifuata herufi kwa herufi na kidole.

«Zawadi Amani.»

Akaandika.

«Iko muzuri. Rébecca Kavuo.»

Akaandika.

«Ngojea. Weka alama juu ya hiyo e.»

«Ninajua alama ya juu ya e tangu hujazaliwa.»

«Siseme kitu,» alisema mama Kaswera. «Ninangojea tu.»

Akaweka alama.

Ilichukua siku tisa. Walipofika kadi ya mia mbili na kitu mzee alikuwa ameshazoea, na hata akaanza kuuliza mwenyewe kabla ya kuandika: huyu ni Vagheni na h, ao bila h? Hakuwahi kuuliza hivyo kwa maisha yake yote. Mama Kaswera aliliona hilo, akamsomea jina herufi kwa herufi.

Kadi zilikwenda Beni na lori la viazi. Halafu barabara ikafungwa siku kumi na moja, kwa sababu ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyezitangaza, na harusi ikasogezwa wiki mbili. Wengine wote walikasirika. Mzee Élysée hakukasirika, kwa kuwa muda ule aliutumia kumshoneshea mkewe kitenge, na mama Kaswera aliutumia kumshoneshea mumewe shati lisilo na mfuko wa kifuani.

«Kalamu nitaweka wapi?»

«Kwa harusi utakula. Hapana andika.»

Beni palikuwa na jua na vumbi na ngoma siku ile. Mzee Amisi aliwashika wageni wake kutoka Butembo mikono wote wawili, akawapitisha katikati ya hema, meza kwa meza, mbele ya wasafirishaji, mashehe, wauza kahawa, na wakwe kutoka Mambasa.

«Munaona huyu?» alisema kila walipofika, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha gavana. «Huyu njo aliharibu jina ya baba yangu.»

Watu wakasimama kumsalimia. Mzee mmoja kipofu, rafiki wa marehemu Saidi, alimshika mkono kwa muda mrefu, akavipapasa vidole kimoja kimoja, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini kama katika watu wake wote wa Butembo hakuna, kwa bahati yoyote, mtu anayeitwa Sadiki.

«Hapana, babu,» alisema mzee Élysée. «Hakuna.»

«Basi mwambie akikuja, tulimuombea,» alisema yule mzee, na mama Kaswera akamvuta mumewe kwenye pilau kabla hajaanza kumrekebisha kipofu yule.